Hema la turubai kwenye baridi yetu: kwa nini waathirika wa maafa Nyanda za Juu Kusini hawajengewi vibanda vya mabanzi?

#1 Mwana wa Uyole
Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kabla mvua za Machi hazijarudi.

Maafa yakitokea nchini, mambo huenda hivi: siku za mwanzo watu wanalala madarasani, yanaletwa mahema, viongozi wanafika, magari yanaondoka, na waliobaki wanabaki na turubai lao. Sina ugomvi na hema. Ugomvi wangu ni kulileta huku kwetu na kuliita makazi. Maporomoko na mafuriko ya kwetu mengi huangukia Machi na Aprili. Tope la Mlima Kawetere lililoshuka Itezi na kufukia nyumba na shule ilikuwa Aprili 2024. Ukitoka Aprili, hujakaa sawa Juni imefika. Juni na Julai ya Uyole, Makete, Njombe na Mufindi mnaijua wenyewe. Mtoto mchanga alale ndani ya turubai kwenye baridi ile?

Wakati huohuo ukipita Mafinga unaona malundo ya mabanzi, yale magamba ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, kwenye viwanda vya mbao, mengine yanachomwa moto ili kupata nafasi. Tumekaa jirani na Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote la miti ya kupandwa nchini, halafu mwenzetu aliyepoteza nyumba anapewa kitambaa.

Swali langu ni moja: nini hasa kinazuia? Pesa, ardhi, au hatujataka tu?

#2 Ngoda ya Jioni
Uzi mzuri. Nimekaa mbele nawasubiri mafundi.

#3 Fundi Mafinga
Kamwene! Mleta uzi umegusa kazi yangu.

Kibanda cha mabanzi cha futi 12 kwa 14, mafundi wawili na vibarua wawili wanakisimamisha kwa siku mbili ikiwa vifaa vimeshushwa eneo la kazi. Nguzo ni milingoti. Unachimba futi mbili, sehemu inayoingia ardhini unaipaka oili chafu ili mchwa wachelewe. Mabanzi unaanza kupigilia kutoka chini kwenda juu, la juu likilalia la chini, maji yateleze nje. Nafasi zinazobaki unaziba kwa udongo kwa ndani, upepo haupiti.

Bati ndilo la kuliangalia kwa makini. Watu wanalipigilia kwa misumari ya kofia, siku ya kubomoa wanaling'oa kwa nyundo, linachanika. Likifungwa kwa skrubu, mwenye nyumba akianza kujenga ya kudumu anafungua bati zake na kwenda kuzipaua upya. Kwa hiyo hela ya bati haipotei. Kinachobaki nyuma ni mabanzi, na hayo anapikia.

Kwa nini hatujengi? Maoni yangu: banzi halina kipimo. Moja nene, jingine jembamba, moja lina gome, jingine halina. Mtu wa manunuzi ataandikaje "mabanzi lori mbili" na mkaguzi asimuulize ni mangapi na ya upana gani? Hema lina ukubwa, lina namba, lina risiti. Anayeagiza analala usingizi.

#4 Binti Ipinda
Ugonile nyote.

Mwana wa Uyole, mada ni nzuri lakini umetusahau. Ukisema Nyanda za Juu Kusini kumbuka na Kyela. Sisi tuko chini kando ya Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu kutoka usawa wa bahari. Hema kwetu mchana halikaliki kwa joto, usiku mbu. Baridi si tatizo letu.

Tatizo letu ni maji kukaa. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote zinashusha maji ya milimani kuja kwetu, na tambarare yetu haiyatoi haraka. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi. Watu wa mbali wanadhani mafuriko yanaisukuma nyumba ikaanguka. Yetu maji yaliingia polepole, yakakaa, tofali za chini zikanywa maji mpaka zikalainika, ukuta ukajikunja kwa ndani usiku. Bati likaja chini zima zima. Tulikuwa tumeshatoka.

Kibanda cha mabanzi kwenye maji yaliyotuama kinaoza. Wazee wetu walijenga kwa mianzi, ukuta unapitisha hewa, na maji yakipungua unakauka. Kama mnajadili makazi ya muda, jadilini na hilo.

#5 Kihesa Mjini
Binti Ipinda amenena. Mleta uzi alitaka kuwavika Wanyakyusa wa Kyela makoti ya Njombe 😀

Hoja yangu ni nyingine. Kwa nini kujenga chochote? Iringa mjini na Mbeya mjini vyumba vya kupanga vipo tele. Mlipie mtu kodi ya miezi sita, apate chumba chenye mlango na kitasa, choo kipo, maji yapo. Hiyo hela ya kununua hema, kulisafirisha, kulisimamisha, kulinda kambi na kuchimba vyoo si mngemlipia kodi?

#6 Mtendaji Mstaafu
Nimesoma yote. Nimefanya kazi ya utendaji wa kata miaka mingi, niwaeleze lililo ndani.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata, hadi kijiji na mtaa. Kwa hiyo muundo upo, asiwadanganye mtu kwamba haupo. Ninachokiona kinakwama ni ardhi. Maafa yakitokea, jambo la kwanza unaloulizwa na wakubwa ni "watakaa wapi". Unataja shule. Ukitaja uwanja wa mpira, vijana wanakuja juu. Ukitaja shamba la mtu, anataka fidia. Eneo la wazi la kijiji huwa ndilo bondeni, kulekule maji yanakopita.

Na ukijenga kibanda cha mbao kwenye eneo la umma, baada ya miezi mitatu mtu amepanda mgomba na amefuga kuku. Kumtoa hapo unahitaji moyo mgumu. Hema linachakaa lenyewe, linamlazimisha mtu kuondoka. Viongozi wengi wanalipenda hema kwa sababu hiyo, ingawa hawatalitamka hadharani.

#7 Kilosa Kwetu
Mtendaji, hapo kwamba hema linamlazimisha mtu kuondoka sikubali hata kidogo. Mimi naishi Makambako kwa sasa ila nyumbani ni Kilosa. Mafuriko ya mto Mkondoa yalitupiga mwishoni mwa Desemba 2009 yakaendelea Januari 2010. Watu walipelekwa kambini kwenye mahema. Miaka ikapita bado watu wapo kwenye mahema yaleyale, yameshonwa, yametiwa viraka vya mifuko ya mbolea, juu pamewekwa majani. Watoto wameanza shule wakitokea humo.

Hema halimfukuzi asiye na pa kwenda. Linachakaa naye ndani.

#8 Mwl wa Isyesye
Niwaambie la madarasani, maana kila mtu anataja shule kama vile hazina wenyewe.

Familia zikiingia darasani madawati yanapandishwa juu ya mengine ukutani. Kila kaya inajikatia eneo lake kwa khanga na kamba. Usiku mmoja unavumilika. Shule zikifungua unabaki na mawili: uwatoe watu nje kwenye mvua, au darasa la nne na la tano wakae pamoja. Vyoo vya shule vinahesabiwa kwa wanafunzi, ghafla vinatumiwa na vijiji viwili. Mama mwenye mtoto mchanga anaomba maji ya moto nami sina jiko. Nimekaa nao, nimeona watu wazima wanavyoona haya kuvua viatu mbele ya watoto ninaowafundisha.

Shule ni mahali pa kukimbilia usiku ule wa kwanza. Baada ya wiki lazima pawe na sehemu nyingine, na sehemu hiyo itajwe kabla mvua hazijaanza. Mtendaji, kamati ya kata haiwezi kukaa Oktoba ikaamua eneo?

#9 Mtendaji Mstaafu
Mwalimu, inaweza, na inapaswa. Ila Oktoba hakuna mtu anayetoa shamba lake kwa ajili ya maafa ambayo hayajatokea.

#10 Chuo Iyunga
Wakuu, nasoma ubunifu wa majengo hapa Mbeya, naomba nichangie vipimo.

Kuna viwango vya kimataifa vya huduma za dharura vinavyoitwa Sphere. Vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kulala na kuishi ndani, bila kuhesabu jiko na bafu. Sehemu za baridi, ambako watu wanapika na kukaa ndani muda mrefu, inapanda hadi 4.5 mpaka 5.5. Choo kimoja kwa watu 20. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku.

Fundi, futi 12 kwa 14 ni kama mita za mraba 15.6. Kaya ya watu watano inahitaji 17.5, kwa hiyo kwa Kyela ongeza futi mbili tu, 12 kwa 16, umefika. Kwa Makete na Njombe watu watano wanahitaji zaidi ya mita 22. Hema la familia linalotumiwa sana na mashirika lina mita 16 za chumba cha ndani, ukijumlisha na vibaraza vyake linafika 23. Kwa nafasi halijapitwa sana na kibanda chako. Linachopitwa ni joto na maisha yake: juani na kwenye upepo linahesabiwa kudumu kama mwaka mmoja.

#11 Fundi Mafinga
Kijana umefanya hesabu vizuri. Futi 12 kwa 16 naiweza kwa mabati hayohayo nikipunguza upenu wa nyuma.

#12 Makete Juu
Mimi nakaa kwenye baridi mnayoisimulia. Huku kwetu Julai majani yanakuwa meupe kwa sakitu asubuhi. Hema lina tatizo ambalo hamjalitaja: jasho la ndani. Watu sita wakilala, pumzi zao zinaganda kwenye turubai, alfajiri inadondoka matone juu ya blanketi. Unaamka umelowa na mvua haijanyesha. Blanketi hukauka saa ngapi wakati jua linatoka saa nne?

Ubao unanywa ule unyevu. Udongo nao unanywa. Plastiki hainywi kitu.

#13 Nesi Tukuyu
Makete Juu, ahsante kwa kulisema hilo. Na mimi niongeze linaloniumiza.

Baridi ikizidi watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga zipu. Moshi hauonekani, wanadhani mkaa umeshika vizuri na hauna madhara. Mkaa uliowaka mwekundu ndio unatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Mtu anapata usingizi mzito na haamki. Hata kwenye nyumba za tofali huku tunapokea wagonjwa wa namna hiyo kila msimu wa baridi. Kwenye hema lililofungwa ni hatari zaidi, na turubai likishika moto hupati muda wa kumbeba mtoto wa pili.

Kwa hiyo Fundi, kibanda chako kiwe na tundu la kutolea hewa juu karibu na kenchi hata kama watu watalalamika upepo. Na jiko liwe na kijumba chake nje. Nakuomba sana.

#14 Fundi Mafinga
Nesi, nimekusikia. Tundu linaachwa pande mbili juu kabisa chini ya kofia ya bati, hewa inapita juu ya vichwa. Mabanzi nayo yanashika moto, sitaficha. Ndiyo maana ya kuyakandika udongo kwa ndani.

#15 Mpangaji wa Soweto Mbeya
Naona mnaongelea nyumba tu. Nani anaorodheshwa?

Mjumbe akipita kuandika waathirika anauliza "nyumba hii ya nani?" Anaandikwa mwenye nyumba. Sisi wapangaji wanne tuliokuwa ndani, tuliopoteza magodoro, vyombo na mtaji wa genge, tunaambiwa "ninyi si mtapanga pengine". Kwa kodi ipi? Mwenye nyumba wetu anaishi mtaa mwingine kabisa, hajalala nje hata usiku mmoja, lakini mabati yalikuja kwa jina lake. Simlaumu, orodha ndiyo ilivyomtaka.

Kihesa Mjini, wazo lako la kulipiwa kodi naliunga mkono kwa mikono miwili. Kwa sisi wa mjini ndilo linalotufaa.

#16 Kihesa Mjini
Nashukuru. Tena chumba unachopangishiwa kipo karibu na kazi yako, kambi inaweza kuwa kilomita 20 kutoka sokoni.

#17 Binti Ipinda
Kihesa, kijijini kwetu hakuna chumba cha kupanga. Utamlipia nani kodi? Ukimpeleka mtu Kyela mjini, mpunga wake unavunwa na nani? Maji yakipungua ndiyo wakati wa kuokoa kilichobaki shambani.

Sisi tulikwenda kwa shemeji yangu Tukuyu. Ndiko wengi wanakoenda, wala hawaonekani kwenye picha za kambi. Shemeji alitupokea bila kinyongo. Nyumba ya vyumba vitatu tukawa watu wa kaya tatu. Unga wake ukaisha, kuni zikaisha, mwanawe wa kidato cha nne akakosa pa kusomea. Msaada ulikuwa kambini. Aliyeko kambini anapata kilo zake za unga na sabuni. Aliyewabeba watu kumi na mmoja nyumbani kwake hapati hata blanketi, kwa sababu kwenye daftari hana maafa.

Mimi nasema makazi ya muda ya kwanza Tanzania ni ndugu. Anzeni kumsaidia huyo.

#18 Nesi Tukuyu
Binti Ipinda, ndaga fijo (asante sana). Hili linatakiwa kufika mbali zaidi ya uzi huu.

#19 Ngoda ya Jioni
Mnasahau kwamba njia bora ni kujenga ya kudumu moja kwa moja. Tazameni Hanang, kulikoshuka tope. Serikali na wadau wake wamewajengea watu nyumba 109 pale Waret, nyumba za maana. Na Kagera nako baada ya lile tetemeko la 6.2 la 2015 wangefanya hivyo watu wasingeteseka.

#20 Mhamiaji kutoka Bukoba
Ngoda, tetemeko letu lilikuwa tarehe 10 Septemba 2016, na ukubwa wake 5.9. Lilipita mchana wa Jumamosi, kama lingekuja usiku tungekuwa tunaongea mengine.

Baada ya pale serikali ilisema wazi haitajenga nyumba ya mtu mmoja mmoja, itarudisha taasisi za umma kama shule. Hata mtu akiikubali au asiikubali sababu ile, kilichotokea ni kwamba kila mmoja alijua ajitegemee. Wengi walilala nje chini ya turubai katikati ya migomba, nyumba zilizosimama zikiwa na nyufa, wanaogopa kuingia. Baba yangu alikuwa na nyumba ya mawe. Haikuanguka. Alikataa kulala ndani, akajikatia miti na majani akajenga msonge mdogo uani akiwa na mke wake, akaukalia mpaka ukuta ulipofungwa upya. Hakuna aliyemfundisha wala kumpa fungu.

Ardhi ikitikisika, mtu anataka paa jepesi. Mabanzi na mianzi yanafaa kwa hilo kuliko hata tofali. Na ninyi huku mmekaa juu ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Desemba 1910 la upande wa Rukwa lilikuwa la zaidi ya 7.

#21 Binti Ipinda
Kweli kabisa. Desemba 2009 ndugu zetu wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya Songwe, matetemeko yaliwapiga mfululizo. Walilala nje masika yote, hata wenye nyumba nzima.

#22 Mwana wa Uyole
Ngoda, nyumba za Waret nazipongeza kwa dhati. Lakini tuhesabu pamoja. Tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Nyumba zilikabidhiwa Desemba 2024. Ni mwaka mzima, na pale nguvu ya taifa zima ilielekezwa sehemu moja. Mwaka huo mtu anakaa wapi? Uzi huu unauliza huo mwaka.

Na masika yaliyofuata Hanang, Aprili 2024, serikali ilitangaza bungeni kuwa watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mvua na mafuriko, na walioathirika ni zaidi ya 200,000. Huwezi kuwajengea wote nyumba za kudumu kwa mwaka.

#23 Ngoda ya Jioni
Sawa kwa tarehe. Bado nasema hela ya kibanda ikijumlishwa na hela ya nyumba unalipa mara mbili. Waathirika wapewe saruji na mabati siku ya kumi, wajenge wenyewe.

#24 Fundi Mafinga
Saruji siku ya kumi, mvua inaendelea, haina stoo, inaganda kwenye mfuko. Nimeiona ikitupwa.

#25 Chuo Iyunga
Kuna mifano ya kibanda kugeuka nyumba bila kulipa mara mbili. Baada ya tetemeko la San Francisco la 1906 walijenga vijumba vya mbao 5,610 kambini. Watu walilipa dola 2 kwa mwezi, na kambi zilipofungwa walivifunga kwenye magari ya farasi wakavihamishia kwenye viwanja vyao. Wengine waliunganisha viwili au vitatu vikawa nyumba moja. Baadhi vipo mpaka leo.

Upande wa pili ni Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995. Vilijengwa vibanda zaidi ya 48,000, imara, vyenye umeme na maji. Wazee walipewa nafasi ya kwanza kwa bahati nasibu, wakapelekwa mbali na majirani zao wa zamani. Zaidi ya 200 walikufa peke yao humo ndani bila mtu kujua mapema. Lilipokuja tetemeko la Niigata la 2004 wakabadilisha, wakahamisha kijiji kizima pamoja, majirani wakabaki majirani. Na Kihesa, baada ya tetemeko la 2011 Wajapani walitumia pia njia yako: vyumba vya kupanga vya watu binafsi vililipiwa kodi na serikali, kwa wingi sana.

#26 Kihesa Mjini
Umeona! Mnyalukolo akisema sikilizeni.

#27 Mtendaji Mstaafu
Kijana wa Iyunga, la majirani nalithibitisha kwa macho yangu. Tulipopanga watu kwa herufi za majina ili ugawaji uwe rahisi, ugomvi haukuisha: nani kachukua ndoo, nani kapanga foleni mara mbili. Tulipowapanga kwa vitongoji, mabalozi wao wakiwa nao, kazi ikawa nyepesi. Mwizi anajulikana, mgonjwa anajulikana, na mjane ana wa kumchotea maji.

Ila kuhusu vibanda vinavyohamishika, bado ni ardhi. Marekani walivihamishia kwenye viwanja. Huyu wa kwangu kiwanja chake ndicho kilichofukiwa na tope, na sheria ya mazingira inamkataza kujenga ndani ya mita 60 za mto. Avihamishie wapi?

#28 Mzee wa Mabwepande
Nimepita Mbeya kikazi nikaona uzi. Sisi wa Dar tulipewa hivyo viwanja. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, wakaanza na mahema, viwanja vikapimwa. Wapo waliojenga na sasa ni mji. Wapo waliouza wakarudi Jangwani na Kigogo, kwa sababu kibarua kipo Kariakoo na nauli ya kila siku hawana. Kwa hiyo hata ardhi ikipatikana hujamaliza. Uliza kwanza mtu anakula wapi.

#29 Makete Juu
Mzee umesema kweli tupu. Hata huku, mkulima wa viazi ukimhamisha umbali wa nusu siku kutoka shambani umemfukarisha.

#30 Mpangaji wa Soweto Mbeya
Naona kila mmoja ana jibu lake: Fundi manunuzi, Mtendaji ardhi, Binti Ipinda ndugu, Mzee kazi. Mimi bado nasema ni orodha. Asiyeandikwa hapati hema, hapati kibanda, hapati kodi.

#31 Mwl wa Isyesye
Kuna jambo mmelikwepa, michango. Tunachangia haraka na kwa moyo, lakini tunachangia nguo za mitumba na unga. Nguo zinalundikana ofisini kwangu mpaka zinapata ukungu. Hakuna aliyewahi kuniletea kilo tano za misumari, kamba, sepeto au panga. Waliofukiwa na tope kitu cha kwanza wanachotafuta ni sepeto. Kanisa letu lina kwaya sita. Kila kwaya ikitoa bunda moja la bati tungekuwa na paa za kaya kadhaa zikisubiri stoo kabla ya Machi.

#32 Fundi Mafinga
Mwalimu, kama kuna stoo kavu na mtu wa kushika daftari, mimi na mafundi wenzangu tutazungumza na wenye viwanda vya mbao kuhusu mabanzi. Wengi watayatoa, kwao ni uchafu. Gharama ni lori kutoka Mafinga hadi Mbeya.

Binti Ipinda, kuhusu maji yenu: usiyaweke mabanzi kwenye udongo. Nyanyua sakafu juu ya nguzo, futi tatu kutoka chini, sakafu ya mbao, ukuta wa mianzi juu yake. Nguzo peke yake ndiyo inakaa majini, na nguzo ikiwa imetiwa dawa kama zile za umeme inavumilia miaka. Mianzi ikatwe kiangazi, ikikatwa masika bungua wanaimaliza.

#33 Binti Ipinda
Futi tatu kwetu hazitoshi sehemu za karibu na Songwe. Futi nne. Na ngazi iwe pana, tuna bibi wa miaka themanini humu ndani.

#34 Kihesa Mjini
Nguzo za dawa, sakafu ya mbao, ngazi pana. Hiyo si ya muda tena, hiyo ni nyumba. Bei yake inakaribia tofali za kuchoma. Bado sijaona kwa nini tusilipe kodi kwa wa mjini na kumpa shemeji wa Tukuyu unga na blanketi.

#35 Ngoda ya Jioni
Kihesa, kwa hilo la shemeji niko nawe. Kwa hilo la bei, nguzo ya dawa siku hizi hata wanaojenga uzio wanaikimbia.

#36 Mtendaji Mstaafu
Mwalimu, hiyo stoo iwe ya kanisa au ya kata? Ikiwa ya kata, bati zitahesabiwa mali ya umma na zitahitaji kibali kutoka. Ikiwa ya kanisa, wasio waumini watauliza watapewaje. Lijibiwe kabla ya kupokea bati la kwanza.

#37 Mwl wa Isyesye
Iwe ya kanisa, daftari lishikwe na watu watatu: mmoja wetu, mmoja wa msikiti wa jirani, na mwenyekiti wa mtaa.

#38 Mpangaji wa Soweto Mbeya
Na wapangaji waandikwe kwenye daftari hilo.

#39 Makete Juu
Fundi, lori moja la mabanzi linatosha vibanda vingapi vya 12 kwa 16? Na likipandishwa mpaka huku Makete masika, kwa barabara ile, dereva anakubali?